Jiji la wapangaji, nyumba za kuuza

Chukua hati ya malipo ya mfanyakazi wa Nairobi anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kati ya makato yake kuna mstari wenye shilingi 750. Huo ni ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine. Mwajiri huongeza 750 zake, na shilingi 1,500 zote hutakiwa ziwe zimefika KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kufikia siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kuisha. Anayechelewa hutozwa asilimia 3 ya deni hilo kila mwezi. Tangu 27 Desemba 2024, zile 750 za mfanyakazi huondolewa kwanza ndipo kodi ya mapato ipigwe hesabu. Mtu ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hukatwa kodi ya asilimia 30 hupata nafuu ya 225, kwa hiyo kinachomtoka hasa ni 525.

Zikikusanywa ni fedha nyingi. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ulileta zaidi ya shilingi bilioni 54, na uliofuata ukapita bilioni 70. Mitaa mikubwa ya zamani ya Nairobi haikuwahi kujengwa kwa fedha kama hizi. Dandora ilitegemea mkopo wa Benki ya Dunia, Umoja ikaungwa mkono na Wamarekani, Buruburu ikatumia mtaji wa Uingereza na rehani. Mikopo ile yote ilikuwa na tarehe ya kulipwa. Ushuru wa leo huingia kila mwezi, hauna riba, na hakuna mkopeshaji anayeudai. Fedha za aina hiyo zinaweza kusubiri miaka arobaini zirudi, na mjini hakuna mwekezaji mwingine mwenye uwezo huo. Hoja yangu yote imeshikilia hapo: fedha zenye subira zinatumiwa kana kwamba zina haraka, kwa kujenga nyumba na kuziuza, katika jiji ambalo kwa mujibu wa sensa ya 2019 takriban kaya tisa kati ya kumi ni za wapangaji.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo watu wengi wanalibeba. Kulipa ushuru huu hakukuwekei akiba wala hakukupi haki ya nyumba. Mkanganyiko una chanzo chake. Sheria ya Fedha ya 2018 ilileta makato ya asilimia 1.5, mahakama ikayasimamisha, na baadaye yakawa ya hiari. Mswada wa Fedha wa 2023 ukaja na asilimia 3, na ahadi kwamba asiyepata nyumba angerudishiwa fedha zake baada ya miaka saba. Mswada ulipotoka bungeni, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 1.5, na ahadi ya kurudishiwa ilikuwa imeondolewa. Mchango uligeuka kuwa ushuru. Tarehe 28 Novemba 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa haukuwa na sheria kamili ya kuusimamia na uliwalenga wenye ajira rasmi peke yao. Mahakama ya Rufaa ilikataa, 26 Januari 2024, kuruhusu makato yaendelee wakati rufaa ikisubiri. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini 19 Machi mwaka huohuo. Iliunda Bodi ya kusimamia Hazina, yaani mfuko unaopokea ushuru huu, na ikawaingiza wasio na mshahara kwa asilimia 1.5 ya mapato yao. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi za kuipinga.

Kwa hiyo akiba unayoweka kupitia Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizi, ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni yako, ina jina lako, na ndiyo inayokusanya malipo ya awali.

Sasa twende kwenye mjengo. Bei ya nyumba hutajwa kwa mita za mraba za ndani, lakini mkandarasi hajengi za ndani peke yake. Kuna ngazi, korido, lifti, chumba cha pampu, kuta nene za nje. Katika jengo la ghorofa lililopangwa vizuri, kama asilimia 80 ya eneo lote ndiyo huwa makazi. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala yenye mita 30 za ndani humfanya mkandarasi ajenge mita 37.5. Tuseme ujenzi unagharimu shilingi 40,000 kwa mita (nakiita kiwango cha mfano, weka chako uone). Hiyo ni 1,500,000. Ongeza asilimia 15 ya wachoraji, wahandisi, mabomba ya nje, barabara ya ndani na ukuta, unafika 1,725,000. Tutatembea na nyumba hii hadi mwisho.

Ardhi haimo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu serikali hutumia viwanja vya umma. Kama ingenunua ekari moja kwa shilingi milioni 100 na kusimamisha nyumba 400 juu yake, kila nyumba ingebeba 250,000 zaidi. Kiwanja cha umma basi ni ruzuku kubwa kuliko watu wanavyodhani, na haionekani kwenye kitabu chochote cha ushuru. Nyumba ikiuzwa, ruzuku hiyo huondoka nayo.

Mahali ambapo gharama huvuja kimyakimya ni kati ya mkandarasi na mlipaji. Mkandarasi humaliza hatua, mpimaji gharama huipima, cheti cha malipo huandikwa, kisha hungojewa. Cheti cha shilingi milioni 100 kikikaa miezi sita, na mkandarasi amekopa benki kwa asilimia 15, riba peke yake ni milioni 7.5. Mkandarasi mzoefu hujumlisha kungoja huko kwenye bei yake siku ya zabuni, kabla hajachimba msingi. Asiyejua hupunguza mafundi, saruji inakuja nusu, na nguzo zinaachwa na vyuma vimechomoza mvua mbili au tatu. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba wakati uleule sehemu ya fedha za ushuru ambazo hazijatumika ilikuwa imewekezwa kwenye hati fungani na dhamana za serikali. Hazina yenye fedha mkononi ina njia rahisi sana ya kushusha bei ya nyumba, nayo ni kulipa vyeti ndani ya siku thelathini.

Mpango wa nyumba za bei nafuu umetenga pia milango, madirisha na kazi nyingine za useremala na uchomeleaji kwa mafundi wa Jua Kali. Nauunga mkono, kwa sharti la vipimo. Milango mia tano kutoka karakana ishirini tofauti haitaingia kwenye fremu zilezile kama kila karakana haikupewa kielelezo kimoja, unene mmoja wa mbao na mkaguzi mmoja. Kinachoharibika kwa kawaida ni unyevu: mbao haikukauka, mlango unapinda baada ya miezi mitatu, lawama inamwendea fundi ambaye hakulipwa malipo ya awali ya kununulia mbao iliyokauka.

Bei ya fedha ndiyo inayoamua ni nani ataingia ndani. Rudi kwenye nyumba yetu ya 1,725,000. Sheria ya 2024 ilipopitishwa iliweka malipo ya awali ya asilimia 10, yaani 172,500, na deni linabaki 1,552,500. Kwa riba ya asilimia 3 inayohesabiwa kwenye deni lililosalia, kwa miaka 30, utalipa kama 6,545 kwa mwezi. Kwa asilimia 9, miaka ileile, ni 12,492. Kwa mkopo wa benki wa asilimia 15 kwa miaka 20, ni 20,443. Saruji ni ileile na mchoro ni uleule. Kama familia haipaswi kutoa zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake, wa kwanza anahitaji kipato cha takriban 21,800, wa pili 41,600, wa tatu 68,100.

Wakati huohuo Sheria inagawa watu hivi: mtu mwenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi aende kwenye nyumba za jamii, wa kati ya 20,000 na 149,000 aende kwenye nyumba za bei nafuu, na anayepita hapo anahesabiwa tabaka la kati. Ona kilichotokea. Hata kwa riba ya asilimia 3, nyumba ya mita 30 imempita aliyelengwa na nyumba za jamii. Na hatujaongeza gharama za jengo.

Hizo gharama za jengo zinahitaji kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndizo zinazoua mradi baada ya kamera kuondoka. Fikiria jengo la ghorofa kumi lenye nyumba 100 na watu wanne kwa kila nyumba. Kwa lita 50 kwa mtu, linahitaji lita 20,000 kwa siku. Maji ya Nairobi huja kwa zamu, hivyo tangi la chini lihifadhi angalau ya siku mbili, lita 40,000, na pampu iyapandishe juu. Pampu inakula stima. Lifti inakula stima na inahitaji fundi wa mkataba kila mwezi. Weka walinzi wa zamu mbili, wasafishaji, gari la taka, balbu za korido. Tuseme kila nyumba itoe 1,500, jumla 150,000. Nyumba 30 zisipolipa, pengo ni 45,000, na kinachokatwa kwanza huwa ni mkataba wa lifti kwa sababu mlinzi hawezi kukosa mshahara. Lifti isiyohudumiwa husimama. Wazee na wenye watoto wachanga wa ghorofa ya nane huanza kutafuta nyumba ya chini kwingine, na wanaobaki wanaona hawana sababu ya kulipia lifti isiyotembea. Kutoka asilimia 30 ya wasiolipa, jengo hufika nusu kwa mwendo huo.

Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inampa mnunuzi hati ya nyumba yake na kumfanya mwanachama wa shirika la wenye nyumba katika jengo lile. Shirika hilo linaweza kudai madeni. Lakini lina meno tu kama limeundwa mapema, lina akaunti yake na vitabu vinavyokaguliwa, na limeanza na akiba ya matengenezo makubwa. Pampu utaibadilisha mara mbili au tatu kabla lifti haijazeeka. Akiba ya kubadilisha vitu hivyo inapaswa kuanza mwezi wa kwanza, wakati kila kitu bado kinang'aa na hakuna anayeona sababu yake.

Nairobi ina kumbukumbu ndefu ya nyumba zilizojengewa maskini zikahama mikono. Dandora, mradi ulioanza 1975, uligawa viwanja 6,000 vilivyo na choo, bafu na maji, ili familia ijijengee vyumba kidogokidogo. Ulikuwa mpango wa akili. Lakini waliogawiwa wengi walijenga vyumba vya kupangisha au wakauza, kwa sababu kodi ya vyumba vitatu ilikuwa kipato kikubwa kuliko faida ya kuishi humo. Umoja ilikusudiwa wenye kipato cha chini, ikachukuliwa na walio juu yao, na leo sehemu kubwa yake imefunikwa na maghorofa ya kupangisha. Siwalaumu hata kidogo waliouza. Mtu ambaye mali yake pekee yenye thamani ni karatasi ya kiwanja, na mtoto ana karo au mgonjwa yuko hospitali, atauza karatasi.

Kibera ilifundisha kingine. Septemba 2009, wakazi wa Soweto Mashariki walihamishiwa kwenye nyumba 600 za muda kule Lang'ata ili mtaa wao ujengwe upya. Familia zilikaa kwa kugawana: nyumba moja, kila familia chumba chake, jiko na choo cha pamoja. Nyumba 822 za awamu ya kwanza zilikabidhiwa 2016. Miaka saba ni mingi kwa mtu anayeishi chumba kimoja na majirani ndani ya mlango mmoja, na ndani ya muda huo vyumba vingi vilipangishwa kwa watu wengine. Ukihamisha watu kabla fedha za jengo zima hazijawekwa kando, unageuza makazi ya muda kuwa ya kudumu. Mradi wa mtaa wa Pangani, Nairobi, ulichagua njia tofauti: wapangaji 48 wa nyumba za zamani za kaunti walipewa fedha za kujitafutia kodi kwingine wakati ujenzi unaendelea, na wakaahidiwa nafasi ya kununua nyumba mpya. Ni njia safi zaidi, mradi fedha hizo zidumu kama ujenzi utakavyodumu.

Vienna, mji mkuu wa Austria, una makato yanayofanana sana na ya Kenya: sehemu ndogo ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi, nusu kwa mwajiri. Ulianza safari yake 1923, pale Hugo Breitner, aliyeshika fedha za jiji, alipoleta ushuru wa nyumba uliopanda kwa kasi kadiri nyumba ilivyokuwa ya kifahari. Kufikia 1934 jiji lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000, na leo linamiliki karibu 220,000. Haziuzwi, zinapangishwa. Mashirika ya nyumba yenye faida iliyowekewa mpaka hukopeshwa na jiji kwa riba ndogo, hutoza kodi inayolingana na gharama, na malipo ya mikopo hiyo hurudi kujenga nyumba nyingine. Tangu 2019, ardhi mpya inapobadilishwa matumizi kuwa makazi, kwa kawaida theluthi mbili ya eneo lazima iwe ya nyumba zenye ruzuku, na bei ya ardhi hiyo imewekewa kikomo.

Singapore iliuza, na ikafaulu. Lakini inachouza ni haki ya kukaa miaka 99, ardhi ikabaki ya dola, na kwa kawaida mwenye nyumba haruhusiwi kuiuza kabla ya kuishi humo miaka mitano. Sheria ya Kenya nayo inakataza mnunuzi kuuza bila idhini ya Bodi. Kifungu hicho ni kizuri. Shida ni kwamba hakimzuii mtu kupangisha kisirisiri, na Bodi itahitaji watu wa kupita mlango kwa mlango kuthibitisha nani anaishi wapi.

Kwa anayetaka kuomba, mambo yako hivi. Fungua akaunti ya Boma Yangu kwa nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA. Andika kipato chako kama kilivyo, maana ndicho kinachoamua utawekwa kundi gani. Weka akiba kila mwezi, hata ndogo. Mradi ukifunguliwa katika eneo lako, omba mradi wenyewe, kwa kuwa kujiandikisha kwenye mtandao hakukuingizi kwenye mgao wowote. Ukipata barua ya kugawiwa, soma vitu vitatu kabla ya kulipa: riba na jinsi inavyohesabiwa, kiasi cha gharama za jengo na nani anakikusanya, na kinachotokea ukikosa miezi mitatu. Anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango huu amesamehewa ushuru wa stempu, kwa hiyo atakayekudai ushuru huo mwulize kifungu. Siku ya kukabidhiwa, fungua mifereji yote kwa wakati mmoja, jaza sinki kisha liachilie uone kama maji yanarudi kupitia bafu, gonga vigae kwa kifundo cha kidole usikie vilivyo wazi chini, na uandike kasoro zote kwenye fomu kabla ya kutia saini. Kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro ni cha miezi tu, na kinahesabiwa tangu jengo lilipopokelewa, hata kama wewe uliingia baadaye.

Sasa nyumba yetu ya mita 30 tuipangishe badala ya kuiuza. Hazina irudishiwe 1,725,000 zake bila riba kwa miezi 480, ambayo ni miaka 40. Inakuja 3,594 kwa mwezi. Ongeza 1,500 za jengo, kodi inakuwa 5,094, na familia yenye kipato cha kama 17,000 inaimudu bila malipo ya awali ya shilingi hata moja. Aliyenunua nyumba hiyohiyo kwa riba ya asilimia 3 analipa 8,045 pamoja na gharama za jengo, na anahitaji kipato cha 26,800. Bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja tu, ya mita 20, kwa hesabu ileile, inapangika kwa takriban 3,900. Kodi itabidi ipande kidogo kila mwaka, la sivyo mfumuko wa bei utaila Hazina, lakini hata mpangaji wa chumba cha mabati katika mtaa wa mabanda wa Mukuru hupandishiwa, tena bila barua.

Najua jibu litakalokuja: nyumba za kupangisha za umma zimekwisha kujaribiwa, tazama Jericho, Kaloleni na Ziwani. Ni kweli, na yeyote aliyepita mitaa hiyo ameona mabomba yaliyooza na paa zilizolegea. Lakini nyumba hizo zilichakaa kwa sababu kodi ilikaa chini miaka mingi, ikakusanywa nusunusu, na kilichokusanywa kikaingia kwenye mfuko mkuu wa jiji pamoja na ada za soko na maegesho. Hakukuwa na akaunti ya paa. Sheria ya 2024 inataja nyumba za jamii na inaipa Bodi mamlaka juu ya Hazina, hivyo akaunti ya kila mtaa inaweza kuwekwa kwa kanuni: kodi ya mtaa iingie humo, sehemu ya matengenezo isiguswe kwa kazi nyingine, na salio libandikwe kila mwezi kwenye mlango wa lifti, mahali ambapo kila mpangaji atalisoma akiingojea.